Kumsindikiza Anayengoja: Somo Kuhusu Wakimbizi Wakristo Katika Pwani Yetu



Katika likizo ndefu iliyopita tulitumwa mafrateri watatu kufanya utume kwenye kigango kimoja cha pwani ya Kilwa. Ni kigango kidogo. Padre hufika mara moja kwa mwezi, na Dominika nyingine katekista huongoza ibada bila padre. Waamini wengi si wenyeji wa pale: ni walimu, wauguzi, wachuuzi wa samaki na vibarua waliofuata ufuta. Majirani karibu wote ni Waislamu, na wanaishi pamoja kwa amani.

Dominika ya pili, baada ya ibada, mama mmoja alitusubiri chini ya mwembe. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, akaomba tumsomee. Juu ya karatasi kulikuwa na bendera ya Kanada, na chini kabisa namba ya simu. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba Mkristo aliyeteswa kwa ajili ya imani hupelekwa Kanada ndani ya miezi mitatu, na kwamba fomu ni shilingi laki tatu. Alikwisha kulipa laki moja na nusu, fedha alizopata kwa kibarua cha kuvuna ufuta. Alitaka kujua kama karatasi ile inataja tarehe ya safari. Haikutaja. Ilikuwa karatasi tu.

Mama huyu ni Mkatoliki kutoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Palma. Jina lake na la kigango tunayahifadhi. Yule mtu wa fomu alikuwa amemfundisha pia cha kusema: atakapohojiwa, aseme mumewe alichinjwa mbele ya macho yake kwa kukataa kuikana imani. Ukweli ni kwamba walipotezana porini usiku wa kukimbia, na hadi leo hajui kama mumewe yu hai. "Frateri," alituuliza, "nikisema hivyo kwa ajili ya wanangu, ni dhambi?"

Tulikuwa tumesoma Mantiki na Maadili mwaka mzima, lakini pale chini ya mwembe tulinyamaza. Somo hili ni jitihada ya kutafuta jibu tulilopaswa kuwa nalo siku ile. Tunawashirikisha mafrateri wenzetu na waamini wote, kwa sababu swali kama hili linaweza kufika kwenye kigango chochote cha pwani ya Kusini.

1. Wanatoka wapi?

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia mji wa Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Tangu siku hiyo vita haijakoma kabisa. Machi 2021 ulishambuliwa mji wa Palma, karibu na mpaka wetu. Makanisa yalichomwa, na misheni ya kale ya Nangololo iliharibiwa mwishoni mwa mwaka 2020. Septemba 2022, huko Chipene katika mkoa wa jirani wa Nampula, aliuawa Sista Maria De Coppi, mmisionari Mkomboni aliyekuwa ameishi Msumbiji kwa miongo mingi. Vita hiyo imewang'oa makwao karibu watu milioni moja kwa wakati mmoja, wengi wao wakibaki ndani ya nchi yao wenyewe.

Sisi pia iligusa. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa na Watanzania wakauawa. Ndiyo maana hofu ya usalama mpakani si hofu ya kubuni. Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza wasiwasi wake kuhusu maelfu ya watu waliovuka Ruvuma wakitafuta hifadhi, kisha wakarudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Mama wa chini ya mwembe alizijua habari hizo kabla yetu. Ndiyo sababu hakuwahi kukanyaga ofisi yoyote.

Ni lazima tuseme jambo moja kwa haki. Wanaouawa Cabo Delgado si Wakristo peke yao. Waislamu wengi wameuawa, na viongozi wa misikiti walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulikemea kundi lile. Anayesimulia vita hiyo kama ugomvi wa dini mbili anawakosea marehemu wa pande zote.

2. Mkimbizi ni nani, na kuhamia nchi ya tatu ni nini?

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila, dini, uraia, kundi la kijamii, au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unaongeza wale wanaokimbia vita na machafuko makubwa. Tanzania imeridhia mikataba yote miwili. Kwa hiyo mama huyu hana haja ya kuonyesha kwamba alilengwa kwa ajili ya rozari yake. Vita yenyewe inatosha kumpa haki ya kuomba hifadhi.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitambulishe ndani ya siku saba baada ya kuingia nchini. Anaweza kwenda hata kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Sheria hiyo pia inataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, isipokuwa kwa kibali. Aliyechelewa ana jambo la kueleza, lakini hajapoteza ubinadamu wake, wala kanuni ya kutomrudisha mtu mahali ambapo uhai wake uko hatarini haijafutika.

Mkimbizi ana njia tatu za kudumu: kurudi kwao kwa hiari amani ikirejea, kupokewa moja kwa moja katika nchi aliyokimbilia, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Njia hii ya tatu ndiyo inayosemwa sana na ndiyo nyembamba kuliko zote. Kwa kawaida hupendekezwa na UNHCR kwa mtu ambaye amekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi, na hutangulizwa walio hatarini zaidi: manusura wa mateso, wagonjwa wasioweza kutibiwa walipo, wanawake na watoto wasio na ulinzi. Baada ya hapo nchi inayopokea huhoji, huchunguza usalama, hupima afya, kisha huamua. Mkimbizi hachagui nchi kama anavyochagua basi stendi. Kila mwaka wanaohamishwa ni pungufu ya mmoja kati ya wakimbizi mia moja duniani. Na huduma za UNHCR na washirika wake hazilipiwi hata shilingi. Mahali panapotajwa bei, pana mwizi.

Uongo wa yule mtu ulikuwa na chembe ya kweli, kama ulivyo uongo mwingi unaouzika. Kanada ina utaratibu, tangu mwaka 1979, unaoruhusu vikundi vya raia, yakiwemo majimbo na parokia, kudhamini familia za wakimbizi. Lakini huko anayechanga ni mwenyeji, si mkimbizi. Na hata milango halali hufungwa bila hodi. Familia nyingi za Wakongo katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zilihamishiwa Marekani kwa miaka kadhaa. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na duniani kote watu waliokwisha kupangiwa ndege walibaki na mizigo yao.

3. Tumaini lina sura gani?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kitu tunachokitumaini kina sifa nne: ni chema, ni cha baadaye, ni kigumu kukipata, na kinawezekana. Tulipokaa jioni na kulitafakari tukio lile, tuliona kwamba sifa hizi nne ni kipimo kizuri cha msaada wetu.

Dalali wa fomu huondoa ugumu. Anasema miezi mitatu, laki tatu, basi. Anayekata tamaa huondoa uwezekano. Lakini tuliona pia kosa letu, sisi watu wa Kanisa. Mara nyingi tunamwambia mkimbizi, "Usijali, mama, Mungu atafungua njia," kisha tunaaga. Maneno ni ya kweli, ila tumeyatumia kama mlango wa kutokea. Mungu akifungua njia, mara nyingi huifungua kwa mtu aliyekubali kupanda bodaboda na kumsindikiza mwenzake hadi ofisini.

Kuna kosa la nne, na hili ndilo lililotuumiza zaidi. Mtoto mkubwa wa mama huyu ana miaka tisa na hajaanza shule. Tulipouliza sababu, alisema, "Tutakuwa tunaondoka." Alisema hivyo kwa muda mrefu. Tumaini likimezwa lote na kesho, mtoto hukua bila leo.

4. Ukweli unatosha

Sasa turudi kwenye swali lake. Je, aseme mumewe alichinjwa?

Mafundisho ya Kanisa kuhusu uongo tunayajua, na dhamira yake iliyajua pia, ndiyo maana aliuliza. Lakini kumwambia "ni dhambi" na kuishia hapo kungekuwa kumwongezea mzigo. Tulilazimika kutazama uongo ule ungemfanya nini. Kwanza, mahojiano ya wakimbizi hurudiwa, na maelezo hulinganishwa. Simulizi ya kubandikwa ikipasuka mahali pamoja, hata sehemu yake ya kweli haiaminiwi tena. Pili, kisa chake halisi hakina upungufu: mji umeshambuliwa, nyumba imeachwa, mume amepotea, watoto wawili hawana baba. Hakuna cha kuongeza. Tatu, na hili alilitambua mwenyewe kabla hatujamaliza kulieleza: akimtangaza mumewe kuwa marehemu, nani atamtafuta? Msalaba Mwekundu una huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana vitani. Kwa uongo ule angemzika mtu ambaye huenda naye anamtafuta.

Tunajiuliza pia sisi wenyewe. Ni nani aliyemfundisha yule dalali kwamba Mkristo aliyechinjwa huuzika zaidi kuliko Mkristo aliyepotea? Katika mahubiri na katika barua za kuomba misaada, nasi hupenda kisa chenye damu. Mkimbizi anayesubiri chakula kwa utulivu hatumpigi picha. Kama tunamsaidia kwa sharti kwamba mateso yake yatusisimue, tumemgeuza kuwa maonyesho. Mfiadini ni ushuhuda wa Kanisa, lakini yeye aliyenusurika hadaiwi na mtu yeyote kuwa mfiadini.

5. Je, tuanze na walio wetu?

Mzee mmoja wa kigango alituuliza swali zuri: "Sisi tuko wachache na hatuna kitu. Si tuwasaidie kwanza Wakristo wenzetu?" Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, anatuhimiza kuwatendea mema watu wote, na anawataja kwa namna ya pekee walio ndugu katika imani. Thomas naye anakubali kwamba mapendo yana mpangilio. Si unafiki kumtazama kwanza yule unayeshiriki naye meza moja ya Ekaristi. Usipomtazama wewe, nani atajua kwamba amekosa sakramenti miaka mitatu?

Lakini Thomas haishii hapo. Anasema zipo nyakati ambapo mgeni aliye katika dhiki ya mwisho hutangulia hata mbele ya baba yako mzazi, kama baba hana dhiki kubwa kama hiyo. Ukaribu hutuonyesha pa kuanzia, na dhiki hutuonyesha pasipo na ruhusa ya kupita. Msamaria wa Luka 10 hakuuliza dini ya majeruhi.

Na maisha yalikwisha kutujibu kabla ya vitabu. Tuliuliza mama huyu analala wapi. Kumbe alipofika hana mtu, aliyempa chumba ni mjane Mwislamu, mkaanga samaki, ambaye hadi leo hajamdai kodi. Tulikwenda kumshukuru. Akatuambia, "Wanangu, mtu kafika usiku na watoto, ningemuuliza nini?" Kigango chetu kilikuwa kinajadili utaratibu wa kusaidia walio wetu, na aliye wetu alikwisha kusaidiwa na jirani.

6. Kungoja ni kazi

Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu waliopelekwa uhamishoni Babeli. Manabii wa uongo walikuwa wamewaahidi kurudi upesi. Yeye aliwaambia wajenge, wapande, waoe na kuoza, na wautakie mema mji waliomo. Hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia wasisimamishe maisha. Hata Familia Takatifu huko Misri, katika Mathayo 2, ilikaa bila kujua tarehe ya kurudi. Tunaweza kuamini kwamba Yosefu hakukaa mikono mitupu akisubiri ndoto nyingine.

Pwani yetu inalijua fundisho hili. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa. Lakini Ukristo wa nchi hii uliota kwa sehemu katika watu walewale waliong'olewa. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni yao Bagamoyo, wakakusanya waliokombolewa utumwani. Mwaka 1876 Waanglikana wa UMCA waliwapa makazi Masasi. Baadaye, vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka Ruvuma, na wengine wao wakapewa makazi Rutamba, hapahapa Lindi. Walilima na kulea watoto kwa miaka kumi hivi, mpaka uhuru wa kwao ulipofika mwaka 1975. Wazee wetu waliwapokea bila kuwa matajiri. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen kwa utumishi kwa wakimbizi, na tuzo hiyo kwa kweli ilikuwa ya wanavijiji waliogawana visima.

7. Parokia au kigango kifanye nini?

Papa Fransisko alituachia vitenzi vinne kuhusu wahamiaji na wakimbizi: kupokea, kulinda, kuendeleza na kuunganisha. Tuviweke katika lugha ya kigango.

Kupokea. Sikiliza kwanza, bila simu mkononi. Usirekodi wala usirushe kisa cha mtu kwenye kundi la WhatsApp. Alikimbia watu wanaomtafuta.

Kulinda. Usimfiche kwa ujanja, wala usimpeleke ofisini bila ridhaa yake. Mweleze sheria ilivyo, faida na hatari zake, kisha amue mwenyewe. Akikubali, paroko, katekista na ikiwezekana msaidizi wa kisheria wamsindikize kwa mtendaji, na jimbo lijulishwe kupitia Karitasi. Mtu anayefika ofisini na mashahidi watatu husikilizwa tofauti na anayefika peke yake. Na madalali watajwe wazi kwenye matangazo baada ya ibada: hakuna fomu inayouzwa.

Kuendeleza. Mtoto aende shule leo. Mama apate kibarua chenye malipo ya haki, na mwajiri Mkatoliki asitumie woga wake kumpunja. Tunasema hivi kwa sababu hutokea.

Kuunganisha. Awe na jumuiya yake ndogo ndogo, na siku ya zamu yake jumuiya isali nyumbani kwake. Asiwe mpokeaji tu. Mama huyu anajua nyimbo za Bikira Maria kwa Kimakonde, na kwaya yetu haikuwa na hata mmoja.

Na kwa anayengojea nchi ya tatu kihalali, kama wenzetu walioko Nyarugusu, tuendelee kumtembelea hata jibu likichelewa au likiwa hapana. Siku ya jibu la hapana ndiyo siku ya kugonga mlango.

8. Tulivyoagana

Fedha zake laki moja na nusu hazijarudi. Namba ile ya simu haipatikani. Mwalimu mmoja wa kigango alizungumza na mkuu wa shule, na yule mtoto wa miaka tisa akakaa darasa la kwanza na watoto wadogo kuliko yeye, magoti yakigusa meza. Mama alichukua wiki mbili kuamua kuhusu ofisi. Siku moja kabla ya sisi kuondoka alikubali kwenda na paroko. Alituomba tumwandikie jina la mumewe vizuri kwenye karatasi safi, kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Ile yenye bendera alimpa mwanawe afungie daftari.

Matokeo hatujayapata, na huenda yasiwe mazuri. Lakini sasa anangoja akiwa na watu. Hilo ndilo jibu tulilokosa chini ya mwembe: Kanisa haliwezi kumwahidi Kanada. Linaweza kukataa kumwacha angoje peke yake.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo

1. Katika mtaa wetu kuna mtu aliyekimbia kwao? Tunajua jina lake, au tunajua tu anakotoka?

2. Ni lini tulimwambia mwenye shida "Mungu atafungua njia" kisha tukaondoka?

3. Tukisoma Luka 10 na Wagalatia 6 pamoja, tunaweka wapi mpaka kati ya walio wetu na jirani?

4. Jumuiya yetu inaweza kumsindikiza nani wiki hii, wapi, na saa ngapi?

Familia Takatifu ya Nazareti, mliokimbilia Misri, mtuombee.